Safari za Kwenda Kukaa

Ukimuuliza mtu kwa nini anasafiri, atakutajia anakokwenda. Hilo nimelijua kwa kukaa miaka mingi nyuma ya dirisha la tiketi za basi hapa Embu. Mtu anasema Nairobi, anasema Meru, anapokea karatasi yake na kwenda kuketi kwenye benchi. Muulize kwa nini. "Naenda Meru." Sawa, Meru nimesikia, nimeiandika kwa mkono wangu. Ukimsukuma zaidi atakuambia kuna harusi, kuna mgonjwa, kuna shamba la kuangalia, na mara nyingi ni kweli. Lakini nimewaona pia wale ambao harusi yao iliisha jana na leo bado wanasafiri. Hao huwa nawapa kiti cha dirishani bila kuwauliza kitu.

Juzi mama mmoja aliweka kiondo chake juu ya kaunta ili atafute pesa. Kilikuwa kiondo kipya cha mkonge, na ndani yake ndengu za msimu huu ambazo hazikuwa zimepepetwa vizuri. Ile harufu ya mkonge na vumbi la ndengu ikaniingia puani, nikabaki nimesimama na chenji yake mkononi. "Wewe madam, si unipatie pesa yangu," akaniambia, na watu waliokuwa nyuma yake wakacheka. Nikampa. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika kwetu karibu na Gachoka, nina miaka tisa, na mama yangu anafunga kitambaa cha kichwa mbele ya kipande cha kioo, tayari kuniacha.

Nyumbani tulikuwa watatu: cucu, yaani mama yake baba, kisha mama, kisha mimi. Baba alikuwa mwalimu na kazi ilikuwa imempeleka mbali, upande wa Tharaka, kwa hiyo tulimwona mwisho wa mwezi, akifika na vumbi hadi kwenye nyusi. Boma letu lilikuwa limejitenga na soko, mahali pakavu pa ndengu, kunde na mbuzi. Jua likishapanda hukusikia kitu isipokuwa njiwa, na mbuzi mmoja ambaye maisha yake yote hakuwahi kuridhika. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, na kwetu jambo hilo halikupita hivi hivi. Wanawake waliokuja kutusaidia kuvuna walinitazama mimi, wakamtazama mama tumboni, halafu wakaanza kuongea habari za mvua.

Mama hakuwa wa huko. Alizaliwa Kangeta, kule Igembe, ambako baba yake alikuwa na miti ya miraa ya zamani, na ndiko baba alikompata alipokuwa mwalimu kijana. Alipokuwa na furaha alinisimulia soko la kwao. Kila siku wanunuzi wanakuja, watu ambao hujawahi kuwaona na ambao pengine hutawaona tena, wanapigiana kelele juu ya mabunda yaliyofungwa kwa majani ya migomba, wanapakia, wanaondoka, wanakuja wengine. "Unaweza kukaa hapo ukiangalia watu tu mpaka jioni," aliniambia, "na hakuna mtu atakuuliza unaangalia nini." Mimi nilidhani ananisimulia habari za miraa.

Jina lake lilikuwa Kaari, lakini sikuwahi kumsikia mtu akimwita hivyo. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Kwa hiyo mimi ni Ruguru kama cucu, na mama aliitwa Mama Ruguru na kila mtu, kuanzia kanisani hadi kisimani. Ukifikiria vizuri, hakuwa na kitu chake katika jina hilo. Ruguru mmoja alikuwa mama mkwe wake na Ruguru wa pili alikuwa mimi. Siku zile sikulifikiria. Nilijivunia tu kwamba mama hawezi kuitwa bila mimi kutajwa.

Kila baada ya wiki kadhaa mama alipanda basi la asubuhi kwenda Embu, kumwona dada yake Makena aliyeolewa na karani mmoja na kukaa mtaa wa Dallas, hapo hapo mjini. Kwenda kwao Kangeta mara kwa mara kungeleta maneno, maana mke akirudi kwao sana watu huuliza kama amefukuzwa. Lakini dada wa mjini hakuwa na neno. Cucu mwenyewe ndiye aliyefunga kiondo. Alitia ndengu alizozipepeta kwa mikono yake, juu yake kunde, na msimu ukiwa mzuri aliongeza maembe. Mwanamke haendi kutembelea watu mikono mitupu, na kiondo chake hakirudishwi kitupu. Mwenye nyumba hutia humo chochote alicho nacho, na kitu hicho ndicho salamu.

Jioni mama akirudi, cucu alikifungua kiondo polepole kama mtu anayesoma barua. Ndizi mbivu, mkate, majani ya chai, wakati mwingine mandazi yaliyofungwa kwenye gazeti. "Huyu dada yako ana mkono mzuri," alikuwa akisema. "Mwambie asijisumbue." Na safari iliyofuata alizidisha ndengu, kwa kuwa hakupenda kushindwa na mtu. Wanawake hao wawili walikuwa wamependana hivyo bila kuonana, kupitia kiondo, na mimi nilikula mkate wa urafiki wao nikiwa na kinyongo.

Kinyongo kwa sababu siku ile nzima nilikuwa peke yangu. Cucu alikuwepo, lakini cucu alikuwa na kazi zake na hakuwa mtu wa maneno. Nilikaa kando ya ua wa michongoma nikiangalia njia mpaka macho yaliniuma. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu huondoka mahali kwa sababu kuna kitu kinamchosha, na kwetu kitu hicho ni nani kama si mimi? Nilikuwa na orodha ya makosa yangu kichwani. Kibuyu nilichovunja. Kunde nilizoacha mbuzi wakala. Nikijua kesho ni siku ya safari, nilikuwa mwema mpaka cucu akauliza kama ninaumwa. Nilifagia uwanja mara mbili, nikateka maji bila kutumwa. Asubuhi mama alipanda basi lake kama kawaida, na mimi nikaongeza kosa lingine kwenye orodha: labda nilifagia vibaya.

Baadaye nikapata maelezo yaliyoniuma zaidi. Niliamini kwamba huko Dallas kuna msichana, binti wa mama mdogo Makena, mwenye viatu vyeupe na asiyevunja vitu. Hakuna aliyewahi kunitajia mtoto huyo. Nilimtengeneza mwenyewe, nikampa sauti nyembamba na kucha safi, nikamchukia kwa moyo wangu wote. Nilimwona akikalishwa karibu na mama, akimegewa mandazi, na yale yaliyobaki ndiyo tuliyoletewa sisi.

Likizo ya Agosti cucu akasema, "Leo nenda na mtoto, akamwone mama yake mdogo."

Mama alikuwa anafunga kitambaa. Mikono ikasimama juu ya kichwa. "Atachoka, mama."

"Mtoto wa miaka tisa achoshwe na basi? Mbona akikimbiza mbuzi hachoki?"

Basi nikavalishwa gauni la kanisani. Njiani sikuona miti wala vilima, nilikuwa napanga nitakavyomkazia macho yule msichana wa viatu vyeupe. Mama alikishika kiondo magotini njia nzima.

Tulishuka mjini na nikauliza Dallas ni upande gani. "Baadaye," mama akasema. Tukapita sokoni, tukapita maduka ya nguo, tukafika kwenye hoteli ndogo ya chai iliyotazama mahali mabasi yalipopakulia watu. Nje ya mlango kulikuwa na benchi refu la mbao lililochakaa katikati. Mama akaketi hapo palipochakaa bila kutazama, kama mtu anayeketi kwake.

Mwenye hoteli alitoka akijifuta mikono kwa leso. Alikuwa mama Mwislamu, mnene, mwenye jino la dhahabu, na kila mtu alimwita Mama Zuhura. "Kaari! Nilijua leo utakuja. Nimekuwekea chai ile ya tangawizi." Halafu akaniona. "Na huyu?"

"Ni yangu."

"Yako? Kumbe uko na mtoto! Miaka hii yote, Kaari, na hujawahi sema!"

"Hujawahi uliza," mama akasema, na akacheka.

Sikuwa nimewahi kusikia kicheko kile. Kilitoka haraka, cha msichana, na mama hakufunika mdomo kama alivyofanya nyumbani. Mama Zuhura akanishika shavu, akasema niko kama mama kwa macho, akaniletea mandazi mawili. Yalikuwa matamu. Lakini nilikuwa nimeelewa jambo moja tu katika maneno yote yale: kuna mahali duniani ambapo mama yangu alijulikana kwa miaka, na mahali hapo mimi sikuwepo.

Mama alikaa. Sijui nisemeje zaidi ya hivyo. Mabasi ya Meru yalifika, ya Nairobi yakafika, watu wakashuka na magodoro, na kuku, na watoto waliolala. Mama aliwatazama mmoja mmoja. Mzee mmoja alimuuliza kwa Kiswahili njia ya kwenda kortini, naye akamwelekeza kwa Kiswahili chake cha Kimeru, na hakuna aliyetabasamu. Nyumbani wanawake walikuwa wakiiga namna anavyotamka maneno ya Kimbeere, lugha ya huko kwetu, kwa utani tu, miaka kumi ya utani. Hapa Kiswahili cha kila mtu kilikuwa cha kuazima. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Alinywa chai yake polepole, kikombe mikononi, na kwa muda mrefu alinisahau kabisa. Nilijua amenisahau kwa sababu nilimwaga chai yangu kwenye gauni la kanisani na hakuona.

"Mama, tunaenda kwa mama mdogo saa ngapi?"

Alinigeukia kama aliyeamshwa. "Makena walihamia Isiolo. Zamani."

"Sasa tunaenda kwa nani?"

"Hapa. Tumeshafika."

"Unafanya nini hapa?"

Akafikiria kweli kweli, jambo ambalo watu wazima hawakunifanyia mara nyingi. "Nakaa," akasema.

Jua lilipogeuka aliingia ndani na kiondo, akammiminia Mama Zuhura ndengu zote za cucu. Mama Zuhura alizishika, akazinusa, akasema ndengu za huko kwetu wateja wake wanaziulizia. Kisha akatia humo mkate, majani ya chai na kichane cha ndizi zilizoanza kuiva, akafunika kwa gazeti. Kiondo hakikurudishwa kitupu. Hakuna desturi iliyovunjwa, ukitazama kwa jicho la haki, lakini mimi siku hiyo sikuwa na jicho la haki.

Tuliposhuka kwenye basi karibu na kwetu, mama aliinama, akanifuta doa la chai kwa mate na kidole. "Cucu akikuuliza, sema tulikaa vizuri. Hiyo si uongo."

Cucu alikuwa anatungoja mlangoni. Alikifungua kiondo, akazisifu ndizi, akauliza habari za Makena, nyumba yake ina vyumba vingapi, amenenepa au amekonda. Mama alikuwa ameingia jikoni kuwasha moto. Swali liliulizwa kwangu. Ningeweza kusema tulikaa vizuri. Maneno yalikuwa mdomoni, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima kutoka stendi. Lakini nikasikia tena lile "kumbe uko na mtoto", na hasira ikanipanda, hasira ya mtoto ambaye amefagia uwanja mara mbili bure.

"Hatukuenda kwa mama mdogo," nikasema. "Alihama zamani. Mama huwa anaenda kukaa kwa hoteli ya Waislamu. Huko anaitwa Kaari."

Cucu alizirudisha ndizi ndani ya kiondo, moja juu ya nyingine, akakiweka juu ya meza, akaenda kufungia mbuzi. Zile ndizi zilikaa pale mezani siku tano. Zikawa na madoa, zikawa nyeusi, nzi wadogo wakaja, na hakuna aliyezigusa. Hata mkate hatukuula, na mkate kwetu haukuwa kitu cha kila wiki. Mama alipika, akapakua, tukala pembeni ya zile ndizi kama vile hazipo. Kwangu hakusema neno. Ningependa angenichapa.

Mwisho wa mwezi baba akaja na cucu akamwambia. Baba na mama waliongea mchana, nyuma ya jikoni, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ghala, nimebana pumzi.

"Ni nani?" baba aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Mama Ruguru, mtu hasafiri bure."

"Nilienda kwa Makena nikakuta nguo za watu wengine kwenye kamba. Sikujua nitarudi na ndengu za mama nikimwambia nini. Nikaketi pale kwa chai nifikirie. Nikakaa. Nikaona hakuna mtu ananijua, hakuna mtu ananingoja niseme kitu. Nikaona ni vizuri."

"Vizuri namna gani?"

"Siwezi kukuambia, Mwalimu. Ningeweza ningekuwa nimekuambia."

Baba hakuwa mtu mbaya. Aliniita, akanichuchumalia mbele, akaniuliza kama kuna mwanamume aliyekuja kuketi nasi. Nikasema hapana. Akaniuliza tena kwa upole zaidi, na ule upole ulinitisha. Jumatatu alipitia Embu kabla ya kurudi kazini, akaiona hoteli, akaliona benchi, akaongea na Mama Zuhura, na nadhani alirudi Tharaka akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoondoka. Kungekuwa na mwanamume, wangejua la kufanya. Wazee wangeitwa, mbuzi angechinjwa, mtu angelipa faini na mambo yangekwisha. Lakini utamtoza nani faini kwa sababu mkeo alikuwa ameketi?

Hakuna aliyemkataza kusafiri. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu hata leo nikimsimulia mtu huuliza ni nani alimfungia. Ni kwamba cucu hakukifunga kiondo tena. Kilining'inia kwenye msumari wake, na mwanamke hawezi kutoka nyumbani akasema anakwenda kutembelea watu, mikono inapunga hewa. Siku ya basi ilifika, ikapita. Ikafika nyingine.

Kwa hiyo nilipata nilichokuwa nikitaka. Nikirudi kutoka shule mama yupo. Jumamosi yupo. Nilikaa karibu naye nikimsaidia kuchambua kunde, na aliniambia asante. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, zile asante. Alinisuka nywele kwa mikono laini, akaniuliza kama anavuta sana. Alinipakulia kwanza. Alinitendea vizuri, kwa uangalifu, jinsi unavyomtendea mgeni ambaye hujui ataenda kusema nini huko nje. Habari za Kangeta hakunisimulia tena. Nilimwomba mara moja na akasema amesahau. Kabla ya hapo nilikuwa mpweke siku moja katika wiki tatu, nikiwa na michongoma yangu na njia ya kuangalia. Sasa nilikuwa mpweke kila siku, na mtu niliyemkosa alikuwa ameketi mbele yangu akipepeta ndengu.

Nilijaribu kurekebisha. Nilimwendea cucu nikamwambia kwamba nilidanganya, kwamba tulikwenda Dallas na mama mdogo Makena ana vyumba vinne. "Ruguru," cucu akasema, "usijichoshe," na akaendelea kukamua mbuzi.

Ndipo nikaumwa na tumbo. Nilianza Jumapili jioni, na kufikia Jumanne nilikuwa nimekunjika kama samaki mkavu, ninakataa chakula ninachokitamani. Cucu alinipa dawa zake zote chungu na nilizinywa zote, adhabu yangu. Nilikuwa nimepiga hesabu moja tu: mgonjwa hapelekwi hospitali na kiondo. Alhamisi asubuhi cucu akasema mwenyewe, "Mpeleke Embu."

Kwenye basi mama aliniweka kichwa mapajani. Nikajisahau nikawa naangalia dirishani. "Inauma wapi sasa?" akauliza. Nikashika. "Jana ilikuwa upande huu mwingine," akasema, na mkono wake ukabaki juu ya tumbo langu mpaka tulipofika.

Hospitali ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wamepanga laini ndefu kwenye kibaraza, wameketi kwenye mabenchi, na laini ilisogea makalio kwa makalio, kila mtu akijisogeza kidogo aliyetangulia akiingia. Tuliketi mwisho. Nilikadiria mbele yetu kuna watu wa kututosha mpaka adhuhuri.

"Mama, si uende kwa Mama Zuhura. Mimi nitashika laini."

Hakunitazama. Alitazama mikono yake. "Na watu nyumbani wakikuuliza?"

"Nitasema tulikaa hapa kwa laini."

"Na ukinikasirikia tena?"

Sikuwa najua kwamba anajua ilikuwa hasira. Nilidhani anafikiri ilikuwa uropokaji wa mtoto tu. Nikaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yakishuka, na mama fulani aliyekuwa mbele yetu akatupisha nafasi akidhani ni tumbo. "Sitakasirika," nikasema. "Enda tu ukae. Usikimbie kurudi."

Hapo akanigeukia. Alinitazama kwa muda mrefu usoni, mahali pamoja kisha pengine, kama vile alivyowatazama wale watu waliokuwa wakishuka kwenye mabasi. Akanivua kitambaa kichwani, akanifunga upya, akakaza fundo. Halafu akasimama na kunyoosha gauni lake.

Nilimfuata kwa macho hadi langoni. Alitembea kama Mama Ruguru, polepole, kichwa kimeinama kidogo, mpaka mlinzi akamfungulia. Alipofika barabarani akainua kichwa, akatazama huku na huku, na miguu ikaanza kwenda haraka. Hakugeuka nyuma. Niliomba asigeuke, kwa kuwa angegeuka ningemkimbilia.

Laini ikasogea. Nikasogea nayo. Jua liliingia kibarazani na kutoka. Mwanamke mmoja aliyemfunga mtoto mgongoni akaja akaketi nyuma yangu, akaona nimekaa na nafasi pembeni yangu nimeizuia kwa mkono.

"Mtoto, uko na nani hapa?" akaniuliza. "Mama yako ako wapi?"

Nilikuwa nimeshajiandaa kwa swali hilo, lakini lilipokuja liliniuma. Lile jina la mama lilikuwa linaniwasha mdomoni, na nilitamani kumwonyesha mtu kwa kidole kwamba yule pale, ni wangu. Nikaondoa mkono kwenye nafasi, nikasogea ili mtu mwingine aketi.

"Niko peke yangu," nikamwambia.